Jumanne ya Hesabu za Russell Wilson: Siku Moja Kazini Kwangu

Nikisema nafanya kazi kwenye kituo cha redio ya michezo hapa Denver, Marekani, ndugu zangu wa Tanga hudhani nashinda na wachezaji nikipiga nao picha. Kazi yangu ni hesabu. Kabla mtangazaji hajataja mkataba wa mchezaji hewani, kila tarakimu lazima iwe imepita mezani kwangu. Siku ninayotaka muione ni Jumanne, tarehe 5 Machi 2024, siku moja baada ya Denver Broncos, timu yetu ya futiboli ya Kimarekani kwenye ligi ya NFL, kutangaza kwamba wanamwacha Russell Wilson, kwotabeki wao, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi.

Saa kumi na moja alfajiri. Chai, barabara, kompyuta.

Saa kumi na mbili kipindi kinaanza na ukurasa wa mtangazaji uko tayari. Wilson alitoka timu ya Seattle mwaka 2022, na ili kumpata Broncos wakatoa wachezaji watatu pamoja na nafasi kadhaa za kuchagua vijana wanaoingia ligi, mbili zikiwa za raundi ya kwanza. Septemba mwaka huohuo, kabla hajawachezea mechi hata moja ya msimu, wakamwongezea miaka mitano kwa takriban dola milioni 245, ilhali mkataba wake wa zamani ulikuwa na miaka miwili bado. Sentensi hiyo niliiwekea wino mwekundu. Nilimwomba mtangazaji aanzie hapo, na akaanzia hapo.

Saa tatu simu zikafunguliwa. Wasikilizaji wanaobishia tarakimu huletwa kwangu, nje ya hewa. Akaja bwana mmoja mwenye tiketi za msimu mzima, sauti juu tangu salamu.

“Ameachwa, sivyo? Basi hela yake imerudi. Wanunue mwingine.”

Nikamweleza kwamba haijarudi. Bonasi ya kusaini ilikuwa milioni 50. Mchezaji alishalipwa, lakini kwenye kikomo cha mishahara, yaani kiasi cha juu ambacho kila timu inaruhusiwa kutumia kwa mwaka, ligi huihesabu kidogo kidogo, milioni 10 kila mwaka kwa miaka mitano. Ukimwacha katikati, vipande vilivyobaki vinabaki shingoni mwako. Kwa Wilson, vipande vilivyobaki vya bonasi zake zote, si hiyo ya kusaini peke yake, vilikuwa milioni 46. Ongeza milioni 39 alizohakikishiwa kwa mwaka 2024, unapata 85, mzigo ambao hadi siku hiyo hakuna timu ya NFL iliyokuwa imewahi kuubeba kwa mchezaji mmoja. Wakiugawa kwa miaka miwili, 53 zinaingia 2024. Kikomo cha mishahara ya timu nzima mwaka huo kilikuwa milioni 255.4. Zaidi ya moja ya tano, kwa mtu ambaye hatavaa jezi yao.

Bwana akawaka. “Kumbe ni wendawazimu! Wabaki naye! Msimu uliopita alirusha pasi 26 za tachidauni, za kufunga kabisa, na zilizonaswa na wapinzani ni 8 tu!”

Tarakimu zake zilikuwa sahihi, na nikamwambia hivyo. Wilson hakucheza vibaya 2023, ingawa timu ilimaliza kwa ushindi 8 na vipigo 9. Ila alichokuwa hakioni ni hiki: zile 85 hazikuwa bei ya kumwacha. Zilikuwa bei ya kumsaini. Bonasi zilishatolewa, na 39 zingelipwa akicheza au asipocheza. Kitu pekee kilichobaki mkononi mwa Broncos ni mshahara wa 2025, milioni 37, ambao ungehakikishwa kama angekuwa bado kikosini tarehe 17 Machi. Swali likawa moja tu: kwotabeki wa miaka 35, mwenye kiwango hiki, utamwongezea 37 nyingine? Mimi nasema hapana, na nilisema hapana siku hiyo.

Akakata simu. Akapiga tena. Tukaanza upya kutoka kwenye bonasi.

Baada ya hapo saa zikachanganyika. Nilikula wali wa jana hapohapo mezani. Mjomba akapiga kutoka Tanga, kwao ni usiku. “Mjomba, huyo mtu analipwa milioni 39 asije kazini?” Nikamjibu ndiyo, mjomba, ndivyo mkataba ulivyoandikwa, na akichukuliwa na timu nyingine, Broncos watapunguziwa kile atakacholipwa huko. Simu nyingine. Nyingine tena. Macho yakawa yanauma.

Jioni mhariri alitaka bango moja la mtandaoni: “Milioni 85 kumfukuza Wilson.” Nikakataa. Nilikuwa nimechoka mgongo na koo, na ingekuwa rahisi kumwachia, lakini watu wananunua tiketi kwa jasho lao na wanastahili hesabu ya kweli. Tukabishana hadi giza. Bango likatoka na mistari miwili: milioni 85 zilizokwisha ahidiwa, milioni 37 zilizookolewa.

Siku chache baadaye timu ya Pittsburgh walimchukua Wilson kwa kima cha chini cha ligi, milioni 1.21, Denver wakilipa zilizobaki. Aprili, kwenye uchaguzi wa vijana wa ligi, Broncos wakamchagua kwotabeki Bo Nix akiwa wa 12, mkataba wa miaka minne usiofika milioni 20 kwa jumla. Msimu huo wakashinda mechi 10 na kuingia hatua ya mchujo kwa mara ya kwanza tangu msimu wa 2015, na zile 53 zikiwa bado mgongoni mwao.