Nilivyoyashika majina ya mataifa kwa Kijerumani

Nilipoanza kozi ya Kijerumani mjini Leipzig, nilitafuta kwanza Ki- yao iko wapi. Sisi ukishajua Ufaransa umemaliza: Mfaransa, Wafaransa, Kifaransa. Wao wana Frankreich, mtu wake Franzose, mwanamke Französin (o imepata nukta mbili), lugha Französisch. Mambo yote yako mkiani. Niliandika orodha ya nchi thelathini, kesho yake nusu zimepotea.

Nikaiacha orodha, nikashika watu. Kulia kwangu alikaa kijana wa Polandi. Aliposema "Ich bin Pole" (mimi ni Mpolandi), neno liliingia moja kwa moja, maana hilo tumelizoea tangu utotoni. Kupitia kwake nikalijua kundi la -e: Pole, Türke (Mturuki), Grieche (Mgiriki), Chinese (Mchina). Hawa huongeza -n wakiwa wengi, na hata akiwa mmoja endapo ndiye anayetendwa. Niliandika "Ich kenne einen Pole" (namjua Mpolandi mmoja), mwalimu akaongeza n kwa kalamu nyekundu: einen Polen. Na Polen ndilo jina la nchi yenyewe!

Kundi la -er ni jepesi: Italiener, Syrer, Kenianer, Tansanier, mmoja au mia ni vilevile. Mwanamke huchukua -in katika makundi yote mawili, kwa hiyo mimi ni Tansanierin. Ich bin Tansanierin, basi, bila eine (yaani "mmoja") katikati. Hapo Kiswahili kilinibeba, kwani nasi husema tu "mimi ni Mtanzania".

Walionitesa ni Wajerumani wenyewe. Jina lao hubadilika kama kivumishi: ein Deutscher (Mjerumani mmoja), lakini der Deutsche (yule Mjerumani); mwanamke ni Deutsche, hana -in. Miezi miwili nilisema "Deutschin", mpaka mama wa ghorofa ya chini aliponisahihisha kwa upole. Nikabandika sentensi mbili kwenye mlango wa friji: Mein Nachbar ist Deutscher. Meine Nachbarin ist Deutsche. Yaani jirani yangu mwanamume ni Mjerumani, jirani yangu mwanamke ni Mjerumani. Kila asubuhi nikisubiri chai ichemke nilizisema kwa sauti, na ndizo zilizoniokoa.

Lugha hazikunisumbua. Nyingi huishia -isch na huanza kwa herufi kubwa: Polnisch, Türkisch. Kivumishi huanza kwa ndogo: türkischer Tee, chai ya Kituruki.

Juzi nilijaza fomu bila kuuliza mtu. Penye uraia, Staatsangehörigkeit, wanataka kivumishi, nikaandika tansanisch. Penye lugha ya mama, Muttersprache, nikaandika Swahili.