Vyombo vya Fedha vya Boston ya Kale na Masonara Wake

Mfanyabiashara wa Boston wa karne ya 17 hakuwa na benki ya kuweka mali yake. Sarafu zilizomfikia, nyingi zikiwa reale za Kihispania, mara nyingi zilikuwa zimepunjwa kingo au kughushiwa, kwa hiyo alizipeleka kwa sonara, zikapimwa na kuyeyushwa, naye akarudi nyumbani na kikombe au sinia la madini ya fedha. Watu wa pwani yetu, ambako reale za Maria Theresa ziliyeyushwa zikawa mitali na vikuku, hawatashangazwa na akiba ya namna hiyo. Isitoshe, chombo chenye herufi za mwenyewe kikiibwa hutambulika. Sarafu hazina mwenyewe.

Mwaka 1652 Massachusetts, koloni la Uingereza lenye mji wa Boston, lilipoamua kutengeneza sarafu zake, kazi ilikabidhiwa masonara wawili, John Hull na Robert Sanderson, ambao karakana yao ilitoa pia vikombe na vijiko. Jambo linalonivutia zaidi ni dhamana. Uingereza, chombo cha fedha kilipaswa kukaguliwa na kugongwa mihuri ya ofisi maalumu kabla ya kuuzwa, lakini Boston haikuwa na ofisi kama hiyo, hivyo mnunuzi aliitegemea chapa moja tu, yaani herufi za jina la sonara. Aliyechanganya shaba kupita kiasi alikuwa ameliharibu jina lake mwenyewe.

Kazi yenyewe ilikuwa ya nyundo. Fedha ikifuliwa sana hukakamaa na kuelekea kupasuka, kwa hiyo sonara aliirudisha motoni mara kwa mara mpaka ikaiva wekundu hafifu, kisha akaendelea kuipandisha kingo kidogo kidogo, na mwishoni akazifuta alama kwa nyundo yenye uso laini. Ukiligeuza bakuli la zama hizo, mara nyingi utakiona katikati ya kitako kitone kidogo, mahali aliposimamisha mguu wa bikari alipopima mviringo.

Paul Revere, sonara wa Boston ambaye wengi humkumbuka kwa safari yake ya farasi usiku wa Aprili 1775 kuonya kuwa askari wa Uingereza wanakuja, alifua mwaka 1768 bakuli lililoagizwa na wanaume 15 kuwaenzi wabunge 92 wa Massachusetts waliokataa kutii amri ya kufuta barua yao ya kupinga kodi za Uingereza. Lina uzito wa wakia 45, kwa heshima ya toleo namba 45 la gazeti la John Wilkes, mkosoaji wa serikali ya mfalme. Sasa limo katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Boston.

Mwaka 1785 Revere alinunua mtambo wa kubana fedha kuwa mabamba membamba, na mabirika yake yakaanza kukunjwa na kuungwa kwa lehemu. Wateja waliyapenda, na mistari yake kweli inavutia. Kwangu mimi, hata hivyo, yamepungukiwa na ule unene uliomfanya mwenye chombo akihesabu kuwa mali.