Nilivyopaka ubao maktaba ya shule kwa hela ya mboga, na fundi aliyenipoteza

Kuna mwalimu mwingine huko ataambiwa "chukua rangi nyeusi ya mafuta, ni yale yale tu" kama nilivyoambiwa mimi, ndo maana naandika.

Nafundisha msingi huku Lindi, pwani kabisa, na maktaba nimeachiwa mimi. Yenyewe ilikuwa stoo ya majembe na madawati mabovu, dirisha moja, kuta zimebanduka. Nilitaka watoto wakiingia waone pamechangamka na wapate ukuta wa kuandika wenyewe. Rangi maalumu ya ubao niliulizia dukani, nikatajiwa bei, nikashukuru nikaondoka.

Sasa fundi wa mtaani akaja na ushauri wake wa rangi ya mafuta, akapaka yeye. Iking'aa, unajiona mpaka meno! Nikaita darasa la tano wazindue, chaki inateleza, ukikandamiza inakatika, katoto kamoja kakasema "madam, huu ubao umegoma". Nampigia fundi, ananiambia subiri ikauke vizuri. Nikasubiri wee, ikakauka na bado inateleza, maana chaki inataka pawe na mkwaruzo kidogo ndo unga ushike, pakiwa laini vile hata ukauke mwaka hupati herufi.

Mwalimu mmoja mzee naye akaja na ya enzi zao, betri za redio zilizokufa, unapasua unatoa ule unga mweusi unatwanga na majani. Zamani mbao zilipakwa hivyo, sikatai. Nikajaribu pembeni kidogo kumridhisha, mikono ikawa kama ya fundi baiskeli na ukifuta chaki na weusi unaondoka nao. Na unga wa betri sio kitu cha kuwapa watoto watwange. Nikamwambia mzee wangu asante, shikamoo, yakaisha.

Kilichokubali ni rangi ya maji ya kawaida, ile isiyong'aa, ukichanganya na jipsamu, ile pauda ya mafundi dari. Kikombe cha rangi, vijiko viwili vya pauda, ukiona bado laini ongeza. Ila usiimwage hivi hivi, ina mabonge, ukuta utatoka chunusi. Mimi nilichukua chandarua kilichochanika nikakikunja mara mbili nikachekecha, nikakoroga na maji kidogo ikawa uji mzito, ndo nikaingiza kwenye rangi. Walimu wenzangu walicheka, madam anapika nini, sasa hivi wanaomba kile chandarua. Na changanya kidogo kidogo, inagandia koponi ukizubaa.

Kupaka kila mtu anajua. Ila huku kwetu kuta zinatoa chumvi, ule unga mweupe usiuoshe kwa maji, usugue na brashi ya waya pakiwa pakavu. Na ile ya fundi ilibidi tuikwangue na msasa mkali, bila hivyo rangi ya maji ingebanduka yote.

Nyeusi sikuiweka ukuta mzima, chumba cha dirisha moja kingekuwa pango. Chini usawa wa watoto kijani, hapo ndo wanapoandika, juu nyeupe, nyeusi ubavuni mwa mashelfu tu ambako tunaandika namba za aina za vitabu kwa mpangilio wa maktaba uitwao Dewey, 500 sayansi, 800 fasihi, 900 historia na jiografia. Vitabu vyetu vichache vinahama kila siku, unafuta unaandika upya, karatasi za gundi kwa unyevu huu zinadondoka zenyewe.

Halafu usiandike kwanza! Acha ikauke siku tatu hivi, laza chaki ubavu, sugua ubao wote uwe mweupe, futa, ndo uandike. Bila hivyo maneno ya kwanza yanabaki yanaonekana hata ukifuta. Mwalimu mkuu alishashika chaki aandike jina lake la uzinduzi, nikamnyang'anya mbele ya kamati ya shule, angebaki pale mpaka anastaafu. Na kufutia ni kitambaa kibichi, dasta kavu inajaza vumbi vitabuni.

Hela ilienda kama elfu thelathini na kitu, arobaini haifiki. Ile ya fundi siihesabu, nitaumwa. Na juzi kapita mwenyewe, kaukagua ukuta, kaupapasa, akasema "si nilikwambia madam, rangi ya kopo inatosha".