Tuishindanie Imani, Lakini Vipi?

Masomo: Yuda 1:3, 20–23, 2 Timotheo 2:24–25

Leo mtu akiitwa mfandamentalisti, wasikiaji huwaza mabomu, na wengi humuwaza Mwislamu. Lakini waliobuniwa jina hilo walikuwa Wakristo wa Marekani, nao walilipokea kwa fahari.

Mwaka 1910 tajiri wa mafuta wa California, Lyman Stewart, na ndugu yake Milton walianza kugharimia vitabu 12 vilivyoitwa The Fundamentals, yaani mambo ya msingi. Kufikia 1915 zilikuwa zimetoka insha 90, na nakala zipatazo milioni 3 ziligawiwa bure kwa wachungaji, wamisionari na viongozi wa shule za Jumapili. Mwaka huohuo wa 1910 Wapresbiteri walitaja mambo matano ya lazima: Maandiko yasiyo na kosa, Kristo kuzaliwa na bikira, kufa kwake kwa ajili ya dhambi zetu, kufufuka kwake katika mwili, na miujiza yake.

Ukivisoma vitabu vile utakuta hoja nyingi kuliko hasira. James Orr wa Uskoti alitetea humo kuzaliwa kwa Yesu na bikira, na bado alikubali kwamba dunia ina umri mrefu sana. Waliomwalika kuandika hawakumkatalia nafasi kwa sababu hiyo.

Jina lenyewe lilikuja 1920, pale mhariri Mbaptisti Curtis Lee Laws alipowaita hivyo walio tayari kupigania misingi ile. Miaka mitano baadaye, huko Dayton, Tennessee, mwalimu John Scopes alitozwa faini ya dola 100 kwa kufundisha nadharia ya mageuzi, kwamba binadamu alitokana na viumbe vya awali, jambo lililokatazwa na sheria ya jimbo hilo ambayo waumini hawa waliiunga mkono. Faini alitozwa yeye, ila kwenye magazeti waliochekwa ni waumini. Wengi wakajitenga, wakaanzisha makanisa na vyuo vyao. Kufikia 1957, mhubiri Billy Graham alipokubali kushirikiana na makanisa ya kila mrengo katika mkutano wake wa New York, baadhi yao walimkana. Hakuwa amekana ufufuo. Kosa lake lilikuwa kukaa jukwaa moja na watu wasiotakiwa. Naamini hapa ndipo mambo yalipoharibika: kipimo kilihama kutoka mtu anaamini nini hadi anakaa na nani.

Mwaka 1979 yalitokea mapinduzi ya Iran, na waandishi wa habari wakalichukua jina hilo la mfandamentalisti wakawabandika Waislamu. Mwaka huohuo mchungaji Mmarekani Jerry Falwell akaanzisha Moral Majority, chama cha kuwahamasisha Wakristo wahafidhina kisiasa, na huko Marekani kwenyewe jina likaingia kwenye siasa za kura.

Basi wiki hii, kabla hujasema fulani ana msimamo mkali, tenganisha mambo matatu: anaamini nini, anashirikiana na nani, na anawatendea nini wasiokubaliana naye. Jirani anayefunga Jumatatu na Alhamisi na hagusi pombe anashika dini yake tu. Hana deni kwako. La kuogopwa liko katika swali la tatu, nalo tujiulize na sisi: aliyehama kanisa letu bado tunamsalimia? Misiba yake tunakwenda?

Paulo anasema haimpasi mtumwa wa Bwana kuwa mgomvi, bali mwanana kwa watu wote, hata anapowaonya wanaoshindana naye. Naye Yuda, aliyetuagiza tuishindanie imani, anaongeza kabla ya kumaliza waraka: “Wahurumieni wengine walio na shaka.” Kwenye ibada ya nyumbani someni aya ya 3 na ya 22 kwa pamoja, kisha mtajeni kwa jina mtu mmoja mwenye shaka mtakayemtembelea kabla ya Jumapili.