Siku moja maishani mwangu: kutwa na magugu maji

Kazi yangu ni kupima jinsi magugu maji, ile mimea inayoelea majini, yanavyovuta metali zenye sumu kutoka kwenye maji machafu. Saa 12 asubuhi nishafika kwenye matangi yalimo, naanza na majani. Mengi kijani safi, ila yale ya kwenye kadimiamu nyingi, mojawapo ya hizo metali, yanageuka njano pembeni, hapo ujue mmea umeshazidiwa na hauvuti tena vizuri.

Saa 1 napima pH, kile kipimo cha asidi, ikiwa chini asidi ni nyingi. Watu wanaidharau ila ndo yenye mambo, maana maji yakiwa na asidi metali zinabaki zimeyeyuka, pH ikipanda zinaganda zinazama, alafu unampa gugu sifa za bure kumbe risasi, ile metali (lead), imelala kwenye tope. Ndo maana pembeni kuna tangi la kulinganishia, maji hayohayo bila mmea wowote.

Saa 3 sampuli: nachuja kwa chujio la vitundu vidogo mno, mikroni 0.45, natia asidi ya nitriki mpaka pH ishuke chini ya 2, la sivyo metali zinang'ang'ania ukuta wa chupa na mashine ya kupimia metali inakupa majibu matamu ya uongo.

Saa 5 mavuno, na hapa ndo kazi yenyewe ilipo. Metali haiozi jamani, imehama tu kutoka majini kwenda kwenye mmea, na risasi nyingi inaishia kwenye mizizi, majani yanaambulia kidogo. Gugu likifia humo likaoza, mzigo unarudi majini. Kwa hiyo glavu mkononi, nang'oa zima na ile mizizi yake myeusi kama ndevu, kukata majani ya juu tu ni kujichosha.

Saa 8 oveni. Zaidi ya asilimia 90 ya gugu ni maji, rundo zima linakauka linabaki konzi chache, nasaga mizizi peke yake na majani peke yake.

Saa 9 simu, jamaa anataka mabaki akatengeneze mboji. Haiwezekani bana! Hata kulishia mifugo hapana. Ukichoma nako majivu yanabaki na metali, nyingine inapaa na moshi, hiyo ni taka ya sumu na inatunzwa hivyo.

Saa 10 majibu: risasi imeshuka ila bado iko juu ya 0.01 mg kwa lita, kiwango cha WHO cha maji ya kunywa. Na lile tangi tupu nalo limeshuka kidogo, kwa hiyo sifa ya gugu ni ile tofauti tu.

Kabla ya kuondoka natia mimea michanga, nafunga wavu vizuri, maana likitorokea mtoni linaweza kuongezeka mara mbili ndani ya wiki mbili hivi.