Nilivyorudisha migunga kwenye ngitili yetu

Ngitili yetu huku Shinyanga, yaani eneo tulilotenga kwa ajili ya malisho na miti, ilisongwa na vichaka, na chini yake miche ya migunga ilichomoza ikanyauka. Tatizo lilikuwa mwanga: mgunga mchanga haustahimili kivuli kizito. Lakini kufyeka kila kitu sikutaka kabisa, kwa sababu jua la kiangazi hukausha udongo na mbuzi humaliza kinachobaki.

Nilipunguza matawi kwa panga, mwanga ukapenya kwa madoadoa. Kwenye visiki nilibakiza machipukizi machache yaliyonyooka. Matawi ya miiba niliyokata nikazungushia miche. Hatua hii naisisitiza kuliko zote. Miti ya mswaki niliiacha chini ya miti mikubwa, maana ndege hula matunda yake na kuangusha mbegu hapohapo.

Masika yaliyofuata, migunga ilipita magoti.