Nililipia ushauri wa friza, nikaishia kusoma kibandiko cha nyuma

Kilichoniponza ni dola moja, ya kujiunga na huduma ya mtandaoni inayopima friza.

"Shangazi, ni dola moja tu, siku saba, unaangalia zote mpaka uchoke," aliniambia mtoto wa kaka yangu, amekalia kreti la soda nyuma ya duka, simu mkononi. Anasoma Chuo Kikuu cha Ushirika hapa Moshi, na kwake hakuna jambo lisiloanzia kwenye simu. Mimi nilikuwa natafuta friza, ile ya mfuniko wa juu, ya lita mia mbili hivi. Nina kiduka Majengo: mtindi, maziwa fresh yanayoshuka asubuhi kutoka Kibosho, na barafu za ukwaju na ubuyu za watoto wa shule. Friza yangu ya mtumba ilikuwa imeanza kunguruma usiku kucha na kugandisha upande mmoja. Upande wa pili maziwa yalikuwa yanageuka mtindi bila idhini yangu.

Na ilikuwa Oktoba. Anayeijua Moshi ataelewa kwa nini nilikosa usingizi. Desemba Wachaga wanarudi nyumbani, mabasi ya Dar yanamwaga watu usiku na mchana, pale Mnara wa Saa hata pa kuvukia hupaoni, na kila mgeni anataka kitu cha baridi. Friza ikinifia tarehe 23 Desemba, nimepoteza zaidi ya maziwa ya siku hiyo. Ada za Januari zinatoka humo.

Nilikuwa nimeshazunguka madukani. Muuzaji wa kwanza aliniambia ya kwake ndiyo bora Afrika Mashariki. Wa pili hivyo hivyo, ya kampuni nyingine. Wa tatu hakutaka hata kubishana, alinipa kiti na maji, akaniambia, "Mama, chukua hii, nitakufanyia bei." Nilikuja kugundua kila mmoja alinisifia ile aliyokuwa nayo nyingi stoo.

Kwa hiyo niliposikia kuna watu ambao kazi yao ni kupima vitu na kusema ukweli, wasiouza chochote, nilishawishika. Wazo lenyewe wala si la kitapeli. Marekani kuna shirika linalofanya hivyo tangu 1936, na Uingereza kuna jingine tangu 1957: wananunua bidhaa dukani kwa hela yao kama mteja yeyote, wanaipima, ndipo wanaandika. Huduma niliyojiunga nayo mimi si mojawapo ya hizo kongwe, ila ilijipamba kwa maneno yaleyale: hatupendelei, hatununuliki, tunakulinda. Nikafungua kadi ya mtandaoni kwenye simu, nikalipa dola yangu, nikaingia.

Siku ya kwanza nilifurahi kama mtoto. Friza zaidi ya thelathini, kila moja ina alama zake: inavyogandisha haraka, inavyotunza ubaridi umeme ukikatika, kelele, umeme inaokula. Nikachukua daftari la madeni, nikaandika tano za juu.

Siku ya pili nikaenda na ile orodha madukani. Hakuna hata moja. Kampuni mbili zilikuwepo, lakini namba za modeli hazifanani hata kidogo. Nikampelekea fundi wangu wa friji, yule anayekaa karibu na soko la Mbuyuni, akaipokea simu, akaikuza picha kwa vidole viwili, akacheka mpaka akaweka bisibisi chini.

"Mama, umesoma hapa? Volti 120, hezi 60. Hii ni ya Marekani. Ukiichomeka kwako kwenye 230 itakuaga hapohapo."

"Si kuna transfoma?"

"Transfoma ipo. Ila sisi ni hezi 50, na transfoma haibadilishi hezi. Mota haitazunguka ilivyopangiwa. Halafu ukiharibikiwa, kompresa yake nikuletee kutoka wapi?"

Nikarudi nyumbani nikasoma upya, safari hii pole pole. Ujazo wote ulikuwa kwa futi za ujazo, saba za kule ni kama lita 198 za kwetu. Umeme wanaoutaja unafuata kipimo rasmi cha serikali yao: friza inawekwa kwenye chumba cha nyuzi 32 na mfuniko umefungwa muda wote. Joto hilo silikatai, Moshi Februari tunalijua. Ila mfuniko wangu mimi unafunguliwa kila mtoto akija na mia mbili yake. Na chini ya kila friza kuna kitufe kikubwa cha "nunua hapa," kinachokupeleka kwenye duka la mtandaoni ambalo halileti mzigo Tanzania. Kwa maandishi madogo wanakiri kwamba ukinunua kupitia hapo wanapata kamisheni. Hapo nikakumbuka yule muuzaji wa tatu aliyenipa maji. Yeye angalau hakunitoza kiingilio.

Sikusema wananidanganya. Huenda zile alama zilikuwa za haki kabisa, kwa mtu wa Ohio. Nilichokasirikia ni kwamba walinipokea, wakaona kabisa kadi ni ya Tanzania, wakachukua hela, na hakuna mahali waliponiambia kwamba humo ndani hamna friza ya kwangu.

Nikasema basi, dola moja imeenda, nitajitoa. Nikasahau. Siku ya nane, nipo nakinga maziwa kwa yule kijana wa Kibosho, simu ikalia: nimekatwa dola 39. Zaidi ya shilingi laki moja. Nilimwaga maziwa kidogo, nakiri.

Kumbe ile dola moja ilikuwa ya kujaribu, na baada ya siku saba unalipishwa mwaka mzima, na mwaka ukiisha wanakata tena. Kweli ilikuwa imeandikwa. Nilipofungua barua pepe ya siku ya kwanza niliikuta: "dola 1" kwa herufi za kusomwa toka barabarani, na ile 39 chini, rangi ya kijivu, ndogo kama sisimizi.

Kujiunga kulinichukua dakika tatu. Kutoka ni kazi nyingine. Kwenye akaunti hapakuwa na sehemu ya kujitoa, palikuwa na namba ya simu ya Marekani, saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni kwa saa zao, yaani kwetu saa 11 jioni hadi saa 7 usiku. Nikapiga. Nikasikilizishwa muziki dakika nane, vocha ikaisha. Kesho yake mtoto wa kaka akajaribu ile roboti ya kuchati, ikamuuliza mara nne kama anataka punguzo la nusu bei. Kila akiandika "nataka kutoka," inamjibu "tunafurahi kuwa nawe."

Nilichofanya kwanza, na ningekifanya mapema kama ningejua, ni kuifunga ile kadi kwenye simu ili wasikate tena. Mtu asifikiri hapo amemaliza, maana kadi kufungwa hakufuti usajili, na kunaweza kukuletea barua za kudaiwa. Kwa hiyo la pili likawa kuandika barua pepe ili yawepo maandishi. Mtoto wa kaka aliandika Kiingereza, mimi nikamwambia cha kusema. Alitaka kuanza na malalamiko ya ukurasa mzima, nikamkatalia. Mwenye deni ukimpigia kelele anapata sababu ya kukukimbia. Tukaweka mambo mawili: mfunge usajili wangu leo, mrudishe dola 39. Halafu sababu: huduma yenu haina bidhaa hata moja inayouzwa nchini kwangu wala inayotumia umeme wa nchini kwangu, na mlijua nilipo mlipopokea malipo. Tukaambatisha skrini shoti ya ile risiti yenye herufi za sisimizi.

Jibu lilikuja baada ya siku nne: pole sana, lakini masharti yanasema malipo hayarudishwi.

Hapo kijana alinisaidia kweli, sitamnyima sifa zake. Alichimba akakuta Marekani kuna sheria ya mwaka 2010 inayohusu malipo ya kujirudia mtandaoni: muuzaji aeleze masharti yote waziwazi kabla ya kuchukua taarifa za kadi, apate ridhaa ya mteja, na ampe njia rahisi ya kusimamisha makato. Inasimamiwa na tume yao ya biashara, FTC. Tukaandika barua ya pili, fupi kuliko ya kwanza. Tukaitaja sheria, tukaeleza zile dakika nane na zile mara nne za roboti, kwa tarehe na saa, tukamalizia kwamba tunasubiri siku kumi, kisha tunapeleka lalamiko FTC na tunapinga muamala kupitia watoa kadi. Fomu ya kupinga muamala nilikuwa nimeshaiomba kwa huduma kwa wateja ya hao watoa kadi. Ina muda wake wa mwisho, ukizubaa unapita. Kisha nikaachana nayo, kwa sababu Novemba ilikuwa inaisha na friza bado sina.

Nilirudi kwa fundi. Safari hii sikumuuliza ipi bora. Nilimuuliza, "Wewe ni zipi zinazokujia hapa kutengenezwa, na ni zipi hukosi vipuri vyake?" Alifikiri kidogo, akanitajia mbili za kuogopa na tatu za kufikiria. Akafunga kibanda, tukaenda wote dukani, nikamlipia nauli ya bodaboda na chakula cha mchana. Ushauri huo haukufika hata robo ya dola 39.

Dukani hakuangalia mbele hata mara moja. Aliwaambia vijana waivute kutoka ukutani, akachuchumaa nyuma na tochi ya simu kwenye kile kibandiko cha fedha. "Soma hapa, mama." Volti 220 hadi 240, hezi 50. Gesi R600a, ambayo huwekwa kidogo tu na kompresa haihangaiki sana, ila akanionya nisimruhusu fundi yeyote kuchomelea bomba kabla ya kuitoa, maana inashika moto. Halafu akaniwekea kidole kwenye herufi moja peke yake: T. Sikuwahi kuiona maishani. Hiyo ndiyo inayosema friza imetengenezwa kufanya kazi sehemu ya joto mpaka nyuzi 43. Zenye N mwisho ni 32, zenye ST mwisho ni 38. Ile iliyokuwa pembeni yake, nzuri, yenye taa ya buluu na bei ya juu zaidi, ilikuwa N. Muuzaji akaanza kuangalia nje.

Na kitu kimoja nilikuwa nimejifunza kwenye ile huduma, haki yao niwape. Kulikuwa na ukurasa unaoeleza namna ya kupima raba kwa noti: unaibana noti kwenye mfuniko, unaufunga, unaivuta. Ikitoka kirahisi, raba haishiki na baridi inavuja. Nikatoa elfu mbili, nikaizungusha friza nzima, kila kona. Pembe moja ya ile ya kwanza noti ilichomoka yenyewe. Tukaomba nyingine ya aina hiyohiyo toka stoo, ikashika pande zote mpaka nikaogopa kuichana noti. Fundi alikuwa hajawahi kuona hilo, akaomba noti arudie mwenyewe.

Vijana wa kirikuu waliilaza njiani ingawa niliwasihi, kwa hiyo ilisimama dukani usiku mzima bila kuchomekwa, ili mafuta ya kompresa yarudi chini. Nikanunua na friji gadi, umeme wetu tunaujua.

Kabla ya kuitoa ile ya zamani nilikuwa nimefanya jaribio langu. Nilizima kila kitu dukani isipokuwa friza, nikafunga saa 2 usiku, mita ya LUKU inasoma 63.2. Saa 12 asubuhi ikasoma 61.8. Uniti 1.4. Ile mpya, ilipokwisha kugandisha, nilifanya vilevile: 48.7 ikawa 48.2. Nusu uniti. Kwa shilingi 356 ninazokatwa kwa uniti, ni kama 320 kila usiku, na mchana sijahesabu. Namba hizo nimezibandika kwenye mlango wa kabati. Desemba ilipita, barafu ziliisha, maziwa hayakunigeuka.

Katikati ya Januari hela ilirudi. Hawakuomba radhi wala hawakueleza, ila ilikuwa pungufu elfu tatu na kitu kwa ajili ya kubadilisha fedha. Wiki hiyohiyo ikaja barua pepe yao: tungependa kujua umeridhika kiasi gani, nyota moja hadi tano.

"Tuwape moja, shangazi?" kijana akauliza.

"Wape mbili. Ile ya noti ilikuwa nzuri."

Akabonyeza nyota ya pili. Ikamtaka aingie kwanza kwenye akaunti yangu, na akaunti ilikuwa imeshafungwa.